Waridi Asiye na Tikiti

Ndugu wasomaji, ukurasa huu umezoea kuwaletea habari za malenga wa pwani yetu, tenzi za kale na nyimbo za arusi. Leo naomba mnipe ruhusa nivuke bahari, niende hadi Beirut, mji mkuu wa Lebanon, niwaeleze habari ya santuri moja ambayo nimekaa nayo tangu utotoni, na habari ya bibi aliyeiimba. Siendi kwa matembezi tu. Nina neno la kusema juu ya haki za watu wanaotutungia na kutuimbia, na neno hilo nimelipata ndani ya santuri hiyo. Atakayenivumilia hadi mwisho ataona kuwa safari ya Beirut ilikuwa njia ya kurudi hapa hapa Mombasa.

Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia. Meli alizofanyia kazi zilikwenda bandari za Ghuba, na kila aliporudi likizo alileta vitu vitatu: uturi wa kuwapa wanawake, tende za kuwagawia majirani, na sahani za santuri za nafsi yake. Sanduku la santuri lilikaa chini ya samadari, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Baada ya sala ya isha alifungua gramafoni, akatuita sisi watoto tuketi mkekani, na aliyekohoa alitazamwa kwa jicho kali.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi usiku alioiweka santuri ya tamthilia iitwayo Al-Mahatta, yaani Kituo. Mimi wakati ule ni mwanafunzi wa chuo, juzuu kadhaa nimezihifadhi, na nikijigamba kwamba Kiarabu nakijua. Hazikupita dakika tano nikaona aibu. Kiarabu kile hakikuwa cha maalim. Kilikuwa Kiarabu cha milimani Lebanon, cha sokoni na mashambani, maneno yameachishwa irabu zao za mwisho na kukimbizwa mbio. Neno nililolikamata ni moja tu, nalo ni "batata", nikacheka, kwa kuwa kwetu pia mbatata ni mbatata.

"Ami," nikamuuliza, "huyu bibi anaimba habari za mbatata?"

"Naam," akanijibu. "Mbatata na gari la moshi. Nyamaza usikie."

Nikanyamaza, nikasikia, na kwa kweli hadi leo sijaacha kuisikia.

Feruzi na Waridi

Bibi mwenyewe ni Fairuz. Jina hilo maana yake ni lile lile jiwe tunaloliita feruzi. Alipozaliwa aliitwa Nouhad Haddad, binti wa mfanyakazi wa matbaa, akalelewa katika nyumba ya Kikristo mtaa wa Zuqaq al-Blat mjini Beirut. Jina la Fairuz alipewa na mtunzi Halim el-Roumi, aliyekuwa mkubwa wa muziki katika redio ya Lebanon.

Lakini kabla ya redio alikuwapo mwalimu mwingine, Muhammad Fleifel, aliyemsikia skulini akampeleka katika chuo cha muziki. Huyu Fleifel alimzoeza sauti kwa njia ambayo wasomaji wa pwani wataifahamu bila ya kuelezwa: alimfundisha kusoma kwa tajwidi. Msichana wa Kikristo akafundishwa wapi pa kuvuta, wapi pa kusimama, na herufi gani hutoka kooni na gani hutoka ncha ya ulimi. Nilipoyajua haya nikiwa mtu mzima, nilielewa kwa nini usiku ule nyumbani kwa ami sikuufahamu wimbo, na bado kila herufi ilinifikia nzima. Sikio langu lilikuwa limefunzwa kwa fimbo ya maalim kuzitambua herufi zile zinapotoka mahali pake.

Suala la ala na uimbaji, halali yake na haramu yake, sitaliingia. Masheikh wapo, na kila mtu ana anayemfuata. Nasema tu kwamba ilmu ya kutamka kwa haki, ambayo babu zetu waliitolea jasho, ilikuwa miongoni mwa misingi ya sauti iliyokuja kujulikana katika nchi zote za Waarabu.

Walioitungia sauti hiyo tamthilia ni ndugu wawili wa kijiji cha Antelias, Assi na Mansour Rahbani. Wote wawili walikuwa askari polisi kabla ya kuishika kazi ya muziki. Walitunga pamoja, maneno na tuni, na kazi waliitia sahihi moja ya Ndugu Rahbani, hata mtu wa nje hakuweza kujua ubeti huu ni wa nani na ule ni wa nani. Assi ndiye aliyemwoa Fairuz. Mwaka 1957 waliingia katika tamasha la Baalbek, penye magofu ya mahekalu ya Warumi, na kutoka hapo karibu kila mwaka walitoa mchezo mpya wa kuimba, hata zikafika tamthilia nyingi.

Hiyo ya Kituo ilipandishwa jukwaani mwaka 1973, ukumbi wa Piccadilly, barabara ya Hamra, Beirut. Kisa chake ni chepesi kiasi cha mtoto kukielewa. Mwanamke mmoja anafika katika shamba la mbatata, anauliza gari la moshi litakuja saa ngapi. Mwenye shamba anamwambia hapa si kituo, hapa ni mbatata. Mwanamke anashikilia kwamba hapa ni kituo na gari litafika. Anaonekana mwenda wazimu. Kisha mtu mmoja anaanza kumwamini, wa pili anafuata, watu wanajaa shambani na mizigo yao, kila mmoja anakumbuka mahali alipokuwa akitamani kwenda maisha yake yote. Tikiti zinauzwa, na wakubwa wa mji wanaingia kati, maana penye watu wengi wakubwa hawakosi. Mwisho, wakati mtazamaji mwenyewe amekwisha kata tamaa, gari la moshi linakuja kweli. Watu wanapanda. Gari linaondoka. Mwanamke aliyewaletea habari yake anabaki peke yake shambani, kwa kuwa hana tikiti.

Jina la mwanamke huyo katika mchezo ni Warda. Kwetu sisi ni Waridi.

Ami alipotueleza mwisho huo nilikasirika kitoto. "Kwani hakuna hata mmoja aliyemwambia panda?" Ami akaondoa sindano juu ya sahani, akaipangusa kwa kitambaa, akasema, "Wote walikuwa wanatafuta viti vyao, mwanangu."

Wimbo wa mtu asiyekuwapo

Ndani ya santuri hiyo upo wimbo mmoja ambao una kisa chake nje ya mchezo. Mwaka 1972 Assi alipatwa na maradhi, akavuja damu ubongoni. Tamthilia ikatayarishwa naye akiwa mgonjwa. Mwanawe Ziad, aliyekuwa na umri wa miaka 17, alikuwa na tuni aliyoitunga. Mansour akaitilia maneno, na Fairuz akaimba jukwaani wimbo uitwao Sa'alouni el-Nas, yaani Watu Waliniuliza: wimbo wa mtu anayeulizwa habari za mpenzi wake aliye mbali.

Mtazameni mwanamke yule pale. Amesimama mbele ya watu kwa jina la Waridi, anaigiza mchezo wa mumewe, anaimba tuni ya mwanawe, kwa maneno ya shemeji yake, na mwenyewe mumewe amepatwa na maradhi. Nani katika hao ndiye mwenye wimbo? Mwenye maneno, mwenye tuni, au mwenye koo? Sikujua kuwa swali hilo lingenifuata, na kwamba litawafuata wao kabla yangu.

Kwanza iliwafuata vita. Mwaka 1975 Lebanon ikaingia katika vita vya ndugu kwa ndugu, na havikwisha hadi 1990. Reli ya Beirut hadi Damascus ilifunguliwa mwaka 1895, nayo ikafa katika vita hivyo pamoja na reli nyingine za nchi hiyo. Basi mchezo uliosema gari litafika mahali pasipo reli, ulichezwa miaka miwili tu kabla ya nchi yenye reli kuanza kuzipoteza. Sidai kwamba watunzi walitabiri, maana elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini aliyekuwa na santuri ile nyumbani Beirut, mlango umefungwa na risasi zinalia nje, bila shaka aliisikiliza kwa sikio jingine.

Katika miaka hiyo Fairuz kwa sehemu kubwa alijizuilia kuimba hadharani katika nchi yake ili asihesabiwe kuwa wa kundi hili au lile. Vita vilipokwisha, mwaka 1994, aliimba katikati ya Beirut, uwanja ambao ulikuwa umebomolewa, na watu wa pande zote wakaja. Yeye na Assi walikuwa wameshaachana kikazi na kinyumba mwishoni mwa miaka ya sabini. Assi alifariki mwaka 1986. Mansour akafuata mwaka 2009.

Siku Waridi alipoombwa tikiti

Sasa nafika penye mfupa wa maneno yangu.

Mwaka 2010 Fairuz alikusudia kuurudisha jukwaani mchezo wa Ya'ish Ya'ish, ambao Ndugu Rahbani waliutoa mwaka 1970. Wana wa Mansour walipinga. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi zile ni za ndugu wawili, baba yao akiwa mmoja wao, na kwa hivyo haziwezi kuonyeshwa bila ya idhini ya warithi wake. Jambo likafika kwenye sheria, mchezo ukasimama. Mwezi wa Julai mwaka huo wasanii na wapenzi wake walikusanyika mbele ya jumba la makumbusho mjini Beirut kulalamika kuwa Fairuz ananyamazishwa.

Niliposoma habari hizo nilishika kichwa. Kwani hii si ile santuri ya ami? Mwanamke aliyewafanya watu waamini kituo kipo, siku gari limefika anaambiwa, tikiti yako iko wapi?

Lakini, ndugu wasomaji, mimi ni mshairi, na mshairi hawezi kuukamata upande mmoja tu wa jambo hili. Mansour aliketi usiku na kalamu yake kama nduguye. Maneno hayaoti mdomoni mwa mwimbaji kama uyoga. Ikiwa mtunzi akifa haki yake huzikwa naye, basi wanawe hurithi nini? Nyumba na shamba tunazigawa kwa mafungu kama ilivyoamrishwa. Mbona wimbo, ambao huenda ndio mali peke yake aliyoacha mshairi, tuuone kuwa ni wa kila mpita njia? Wana wa Mansour hawakuomba jambo la ajabu. Walitaka waulizwe.

Na Fairuz naye hakuomba jambo la ajabu. Sauti yake ndiyo iliyoyabeba maneno hayo miaka arubaini. Mtu akilitaja jina la Waridi, uso unaomjia ni mmoja.

Haki mbili zikagongana, na sababu ya kugongana naiona kuwa ndogo na ya kibinadamu. Watu walifanya kazi kwa mapenzi ya nyumba moja. Mume, mke na ndugu, sahani moja ya chakula, sahihi moja chini ya kazi zote. Penye mapenzi ya namna hiyo huwa tunaona haya kuandikiana. Kisha mauti yanakuja, mapenzi yanakwenda na wenyewe, wanabaki warithi na makaratasi, au warithi bila ya makaratasi.

Kaseti yangu mwenyewe

Niseme la kwangu, maana si uungwana kuwahukumu watu wa Beirut na mimi nimejificha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilitunga wimbo kwa ajili ya arusi ya binamu yangu. Nikawapa maneno watu wa kikundi kimoja cha taarabu juu ya kikombe cha kahawa, bila ya karatasi, bila ya shahidi. Jina la kikundi sitalitaja. Wimbo ukapendwa. Baada ya miezi michache nikaukuta ndani ya kaseti inauzwa vibandani, na juu ya kaseti hakuna jina langu. Nilipandwa na hasira. Nikaulizia nyumba ya mama aliyeuimba, nikaenda alasiri moja, hotuba yangu nimeipanga kama khatibu.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Najua kilichokuleta."

Aliniletea maji, akaniacha nimalize hotuba yote. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi niliimba usiku ule mmoja. Nilipewa nauli na leso. Aliyerekodi simjui, na kaseti nimeisikia kwa jirani kama wewe. Lakini wewe shairi lako unalo daftarini. Hata wakilificha jina lako, siku moja utalifungua daftari uonyeshe. Sauti yangu mimi nitaionyesha wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikunywa maji yangu, nikaaga, nikarudi nyumbani.

Ubaya ni kwamba hata baada ya hapo sikujifunza. Miaka ikapita, nikalichapisha shairi lile gazetini. Jina langu likakaa juu yake kwa herufi kubwa. Jina la mama yule sikuliandika hata kwa herufi ndogo. Mama ameshatangulia mbele ya haki. Sauti yake ingaliko katika kaseti chache zilizosalia, inaimba, na anayeisikia hajui ni ya nani. Mimi niliyekuwa nikilalamika kuibiwa tikiti, nilipanda gari nikamwacha yeye kituoni.

Tuandikiane

Pwani yetu haikosi mifano mizuri. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 akatiwa katika santuri, na kwa sababu ya sahani hizo na kitabu alichomwandikia Shaaban Robert, leo anajulikana kwa jina na kwa sauti. Hapa Mombasa, Zein l'Abdin alipoimba maneno ya Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, na Juma Bhalo alipoimba maneno ya Ustadh Ahmad Nassir, watu wa barazani walijua huyu ni mwenye koo na yule ni mwenye kalamu, na wote wawili waliheshimiwa. Waama tusijipambe sana: tuni ngapi za filamu za Kihindi tulizivisha kanzu na kofia tukazileta arusini, bila ya kumuuliza mtu wa Bombay? Nasi tumepanda magari ya watu bila tikiti.

Lakini barazani hapatoshi tena. Waliokuwa wakijua wimbo upi ni wa nani wanapungua kila mwaka, na nyimbo sasa husafiri katika simu za mkononi haraka kuliko jina la mwenyewe. Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilimpa mtunzi haki yake maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake. Sheria hiyo hiyo ilimpa mwimbaji haki yake mbali na ya mtunzi, asirekodiwe bila ya idhini yake. Mama yule alikuwa na haki. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, na karatasi ya kushika.

Na sisi watu wa chuo tuna udhuru gani? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, si ya vita wala si ya kisa cha kale. Ni ya kuandikiana deni. Imetaka mwandishi, imetaka mashahidi, imekataza kuona uvivu wa kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Tumeihifadhi tangu utotoni, tumepigwa kwa ajili yake tulipokosea kituo chake, kisha tunakwenda kupeana mashairi na sauti juu ya kikombe cha kahawa kama kwamba kazi ya ulimi haina deni.

Ndiyo maana nawaomba wanaohusika, na mimi nikiwa wa kwanza, tushike mambo matatu. Mtunzi asitoe maneno yake kabla ya kuandika kwa karatasi nani anayeyapewa na kwa shughuli gani. Mwimbaji asifungue mdomo mbele ya chombo cha kurekodi kabla ya kujua mrekodi ni nani na fungu lake ni lipi, na fungu hilo liandikwe papo hapo. Na sisi wenye arusi, wenye magazeti na wenye redio, tusiutaje wimbo bila ya kutaja majina yote matatu: la mwenye maneno, la mwenye tuni na la mwenye sauti. Hilo la tatu halitutoi hata senti moja.

Wapo watakaosema kuandikiana kunaua mapenzi. Mimi naona kinyume chake. Lau Assi na Mansour, katika miaka yao ya furaha, wangaliandika waraka mmoja unaosema Fairuz ataimba nini na warithi watapata nini, huenda wapenzi wake wasingalisimama juani mbele ya makumbusho mwaka 2010, na jamaa wa damu moja wasingaliangaliana kwa jicho la kesi.

Fairuz mwenyewe hakunyamaza. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo aliimba Beirut, akatoa na nyimbo mpya alizotungiwa na Ziad, kijana yule wa miaka 17 wa mwaka 1973. Mkusanyo huo uliitwa Eh... Fi Amal, yaani Ndiyo, Matumaini Yapo. Ziad alifariki Julai 2025, na mama yake, katika umri mkubwa, akaonekana mbele ya watu akimzika. Nilipoiona picha ya maziko hayo niliitoa santuri ya ami sandukuni. Ina mikwaruzo sasa, na sindano huruka penye upande mmoja. Lakini mazungumzo yote yamo, na shamba la mbatata limo, na gari linafika. Tamthilia ile ilichezwa ukumbini watu wakarudi makwao. Mtoto wa Mombasa asingaliijua kama pasingalikuwa na aliyeitia katika sahani na kuandika juu yake majina ya wenyewe.

Ama jina la mama wa kaseti yangu, nimekwenda kwa wanawe kuwaomba idhini nilitaje katika ukurasa huu, na nimewachukulia karatasi ya kuandikiana juu ya wimbo ule. Wamesema watashauriana kwanza, na wana haki hiyo. Mimi nangoja. Siku watakapokubali, jina lake litatangulia langu. Kwa leo nawaachia ubeti mmoja:

Waridi alingojea, treni isoonekana
Watu hawakupokea, wengi wao wakakana
Ilipokuja tokea, tikiti hakuiona
Aliyetupa safari, asiachwe kituoni.

Wassalaam.